Mchota Maji na Mita ya Bwana Kufuli

Katika nyumba ile yote, na ukitaka hata mtaa mzima, hakukuwa na mtoto aliyemfikia Kijiti kwa mchezo wa video. Ni kweli kwamba mashine ya mchezo ilikuwa moja tu mtaani, ilikuwa ya kwao, na wenzake walipata zamu pale tu yeye alipokwenda chooni. Tena katika hesabu hiyo mama yake hakutiwa, maana angetiwa, bingwa angekuwa wa pili.

Asubuhi ya Jumamosi tunayoisema, bingwa alikuwa amechuchumaa uani, mikono imo ndani ya povu hadi viwikoni, akisugua kola za mashati ya watu.

"Sugua kama unaiomba msamaha, si kama unaidai," mama yake alimwambia. "Ikichanika tutamvalisha nini mwenyewe? Ngozi yako?"

"Ngozi yangu haimtoshi, mama. Yule ana tumbo."

"Mdomo huo ungekuwa na sabuni ungefua mtaa."

Mama Kijiti alikuwa dobi. Alifulia watu wa maofisini, walimu, na mtu yeyote mwenye nguo chafu na mgongo wa uvivu. Vidole vyake vilikuwa vimenyauka na kuwa vyeupe nchani muda wote, hata siku ya mapumziko, ambayo hakuwa nayo. Siku hizo sabuni ilikuwa ikipanda bei kila ukipepesa macho, lakini wenye mashati wakaendelea kulipa bei ileile ya zamani, wakisema kufua ni maji tu.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya vyumba vilivyotazamana kama watu waliogombana, ua katikati. Bomba moja, choo kimoja, mita moja ya umeme. Bomba lilikuwa na kufuli, choo kilikuwa na kufuli, na mita ilikaa ukutani ndani ya sanduku la chuma lenye kidirisha cha kioo, nalo lina kufuli. Chini ya sanduku, kwa nje, ndipo ilipokuwa swichi kuu ya nyumba nzima, na juu ya swichi paliandikwa kwa chaki: MARUFUKU. Funguo za kufuli hizo zote zilining'inia kiunoni mwa msimamizi aliyewekwa na mwenye nyumba. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Kufuli. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika, na yeye mwenyewe aliliitikia hilo jipya kwa fahari, akidhani ni cheo.

Kazi ya kwanza aliyoifanya Bwana Kufuli alipopewa nyumba ilikuwa kuziba kwa saruji soketi zote za ukutani vyumbani mwa wapangaji. Akasema mpangaji ni balbu moja, basi. Mwenye redio atumie betri. Mwenye pasi atumie mkaa. Mwenye joto ajipepee.

Sasa utauliza, nyumba isiyo na soketi, mashine ya mchezo ilichomekwa wapi? Subiri, tutafika.

Mashine ilikuja kwa njia ya sabuni. Kampuni moja ilitangaza bahati nasibu: kusanya karatasi za sabuni, andika jina, tumbukiza kwenye sanduku dukani. Zawadi ya kwanza cherehani, ya pili baiskeli, ya tatu "mashine ya burudani ya familia". Wengine walikusanya karatasi za kujaza mfuko wa shati. Mama Kijiti, kwa kazi yake, alikuwa na gunia. Aliitaka ile cherehani mpaka akawa anaiota. Usiku alikanyaga pedali usingizini, akimpiga Kijiti mateke ya miundi.

Cherehani ilimwangukia mke wa wakala wa kampuni, mama mmoja ambaye hata leso yake ilifuliwa na Mama Kijiti. Baiskeli ilimwangukia shemeji yake huyo mke. Bahati ina macho, watu walisema, tena inajua ukoo. Ila kwenye zawadi ya tatu ukoo ulikuwa umeisha, ndipo jina la dobi likatoka. Aliitwa, akapeana mkono na meneja, akapigwa picha, akapewa boksi.

"Ni nini?" Kijiti aliuliza boksi lilipotua kitandani.

"Ni kitu cha kuuza," mama yake alijibu.

Kijiti hakusikia neno hilo. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya picha iliyokuwa juu ya boksi: mtu mdogo, ngazi, joka la kijani lenye meno. Alilipitishia mkono boksi zima, kona kwa kona, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga kuona kama viungo vimetimia. Alikuwa na miaka kumi, na hajawahi kumiliki kitu kilichokuja ndani ya boksi lake mwenyewe.

Jirani yao wa ukutani alikuwa kinyozi, bwana mpole mwenye televisheni ndogo aliyoitoa kwenye kibanda chake baada ya umeme wa kule kukatwa. Yeye ndiye aliyesema, "Dada, kabla hujauza, tuone kama inafanya kazi. Utauzaje ng'ombe hujamsikia akilia?" Akaileta televisheni chumbani mwao, akatoa balbu kwenye holda yake darini, akapachika kidude kidogo chenye matundu ya soketi, akashusha waya. Basi, hapo ndipo ilipochomekwa. Ukitaka mchezo, usahau taa. Chumba kikawa giza, kioo cha televisheni kikawa buluu, muziki ukaanza: ti-ti-ri-ti, ti-ti-ri-ti, ta.

Akatokea yule mtu mdogo. Kwenye boksi alivaa kofia ya chuma ya askari wa kale, lakini kwenye kioo kile kidogo kofia ilionekana ndoo kabisa. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi, kuruka mapipa yanayobiringika, kukwepa mamba, mpaka afike juu kwa joka.

"Huyu maskini anapeleka maji wapi?" Mama Kijiti aliuliza.

"Ni askari, mama."

"Askari gani ana ndoo kichwani? Huyu mchota maji. Na hayo mapipa ni mwenye bomba anamfukuza."

Jina likamshika hapohapo. Mama akaomba ile pedi ya kubonyeza ajaribu mara moja tu, kwa ajili ya kumjulisha mnunuzi. Mchota Maji akafa kwenye pipa la kwanza. Akafa la pili. La tatu akaruka, akapita juu ya mamba, na Mama Kijiti akacheka. Kijiti aligeuka kumtazama. Alikuwa amezoea mama anayeguna, mama anayefyonya, mama anayelala kabla ya kumaliza sentensi. Huyu aliyekaa sakafuni na kucheka kama msichana aliyeruka kamba hakuwahi kukutana naye. Akajisemea moyoni kwamba mashine ile haitauzwa, hata kama itabidi alale juu yake.

Haikuuzwa. Kila jioni, kazi ikiisha, kinyozi alileta televisheni, wakatoa balbu. Nyumba nzima iliujua wimbo wa Mchota Maji, maana kuta za nyumba ile zilikuwa za heshima tu, hazikuzuia sauti. Ila joka hakuna aliyelifikia. Mama alikuwa amefika ngazi ya chini yake mara moja, akashtuka kwa furaha, akabonyeza vibaya, akafa.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Mashati yalikuwa bado kwenye povu Bwana Kufuli alipotokea na bili mkononi, funguo zikilia kiunoni kama mbuzi mwenye njuga. Alisimama katikati ya ua, mahali penye kusikika.

"Wapangaji! Bili imepanda. Imepanda kupita kiasi. Na safari hii mwizi wa umeme nimemjua."

Milango ikafunguka. Akatoka kinyozi na sega mkononi. Akatoka Bibi Mkaa, kizee aliyeuza mkaa kwenye chumba cha karibu na lango, mweusi wa vumbi na mweupe wa meno. Mke wa Bwana Kufuli hakuwa na haja ya kutoka. Yeye siku zote alikaa mlangoni kwake na deli lake, akiuza barafu na maji baridi. Yeye walimwita Mama Barafu.

"Mama Kijiti," Bwana Kufuli alisema, "lete ile mashine."

"Mashine yangu imefanya nini?"

"Inakula umeme. Nimeigusa juzi mlangoni kwako, ina joto kama maandazi. Joto hilo linatoka wapi kama si kwenye mita?"

"Hata wewe una joto. Umechomekwa wapi?"

Watu wakacheka, na hilo likawa kosa, kwa sababu mtu mdogo akichekwa na watu huwa mkubwa kwa hasira.

"Mwezi uliopita bili ilipanda vilevile," Mama Kijiti aliongeza, "na mashine ilikuwa bado haijaja."

"Mwezi uliopita ilikuwa pasi yako."

"Pasi yangu ni ya mkaa!"

"Mkaa wenyewe ananunua kwangu," Bibi Mkaa alisema. "Au nao unachomekwa?"

"Bibi, wewe kaa na gunia lako." Bwana Kufuli akageukia kundi. "Nawauliza nyinyi. Mnataka bili hii tuigawane wote, au aibebe mwenye kula? Nimetumwa na mwenye nyumba. Amesema kifaa chochote kisicho balbu kichukuliwe, apelekewe mwenyewe. Naondoka nacho mchana huu kwa gari, kesho jioni nitakuwa nimerudi. Na kikionekana tena humu, chumba kitahamwa."

Hapo ndipo Kijiti alipojifunza jambo ambalo shuleni hawakuwa wamelifikia. Watu walewale waliocheka sasa walitazama miguu yao. Kinyozi alifungua mdomo, akakumbuka televisheni iliyokuwa chini ya kitanda chake, akaufunga, akachana nywele ambazo hazikuwepo. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya bili kichwani, na kila hesabu ilitoka na jibu moja: heri yeye kuliko mimi.

Bwana Kufuli akaingia chumbani mwao bila kuvua viatu, akakanyaga mkeka wenye nguo zilizokunjwa, akatoka na boksi kwapani. Waya wa pedi ulikuwa unaburuta nyuma kama mkia. Kijiti akaukamata.

"Achia, mtoto."

"Nguo umezikanyaga," Kijiti alisema, hakuachia. "Zilikuwa safi."

"Mama Kijiti, mwambie mwanao."

Mama yake akamsogelea bintiye. "Achia, mwanangu," alisema. "Waya ukikatika atapata sababu ya kusema ilikuja mbovu."

Mlango wa Bwana Kufuli ukafungwa. Baadaye kidogo Mama Barafu akatoka, akatia kufuli kubwa kwa nje, akatangaza kwa mtu asiyemuuliza, "Baba watoto kashaondoka. Kapitia lango la nyuma, gari lisimwache."

Mama Kijiti alizikung'uta zile nguo zilizokanyagwa, akazitumbukiza upya majini, akajifuta mikono, akamwambia Kijiti avae viatu.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye benchi moja na karani mmoja, na vyote viwili vilikuwa vimechoka. Karani alikuwa akinywa chai. Alisikiliza hadi mwisho, hilo hatumnyimi, kisha akauliza:

"Risiti ya mashine iko wapi?"

"Sikununua. Nilishinda, bahati nasibu ya sabuni."

"Mali isiyo na risiti, mama, mimi nitajuaje ni yako?"

Mama Kijiti alitoa kwenye mkoba ile picha aliyopigwa na meneja, iliyofungwa kwenye nailoni isipate maji. Karani akaisogeza karibu na dirisha.

"Hapa naona umeshika boksi."

"Ndilo."

"Boksi naliona. Ndani ya boksi kuna nini, picha haisemi."

"Kwani ulitaka tupigwe picha tukiwa ndani?" Kijiti aliuliza.

"Mtoto huyu anasoma?" karani alimuuliza mama yake.

"Anasoma. Ndiyo maana anauliza."

Karani akanywa chai. Akasema wangemletea barua ya kampuni, angeandika barua kwa msimamizi, ila barua ya ofisi lazima iwe na mhuri, na mhuri hukaa kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati hafanyi kazi Jumamosi. Warudi Jumatatu. Isitoshe, akasema kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake ushauri wa bure, msimamizi ni mwakilishi wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba.

"Na mpangaji ni nani?" Mama Kijiti aliuliza.

Karani alilifikiria swali hilo. "Mpangaji," alisema, "ni mtu wa kupita."

Walirudi kwa miguu. Dukani wakasimama kuchukua mche wa sabuni, na muuza duka akataja bei iliyomfanya Mama Kijiti airudishe pesa kwenye mkoba na kuitoa tena, kama kwamba ingezaa humo ndani.

"Jana haikuwa hivyo."

"Jana ilikuwa jana, dada yangu. Hata mimi nilikuwa kijana."

Nusu mche, basi. Njiani Kijiti hakuwa na mzaha wowote uliobaki. Alikuwa ameubeba moyoni mzigo ambao alikuwa akiuzungushazungusha tangu asubuhi, na walipokaribia lango ukamtoka.

"Mama. Ni mimi niliyemaliza umeme?"

"Nani kakwambia?"

"Ilikuwa na joto kweli. Mimi nilikuwa naigusa. Nilidhani ni mchezo tu, kumbe labda ilikuwa inakula, na mimi naendelea kuilisha."

Mama Kijiti alisimama. Mtu mwingine angemkumbatia mtoto, akamwambia siyo, usiwaze. Yeye alikuwa dobi, akawaza kidobi.

"Siku ile nguo za mwalimu zilipotoka na madoa mekundu," alisema polepole, "tulifanyaje?"

"Ulisema kuna nguo inachuja."

"Nikalaumu ipi?"

"Hukulaumu. Kila mtu alisema ni lile gauni jekundu. Wewe ukazitoa moja moja kwenye maji, na kila ukitoa unabadilisha maji, unatazama."

"Na gauni jekundu lilikuwa na kosa gani?"

"Halikuchuja hata tone. Ilikuwa ile suruali ya kahawia, ile ya mtu mwenye adabu."

"Basi," mama yake alisema, na akaanza kutembea upesi hata Kijiti akamkimbilia. "Basi na tuzitoe moja moja."

Jua lilipokuwa linatua na balbu zimeshawashwa, Mama Kijiti alipita mlango kwa mlango. Hakubembeleza. Aliwaambia: "Mmekubali nibebe bili yenu. Sawa. Lakini kabla sijaibeba, njoni mtazame mita. Nikishindwa, nitahama mwenyewe, wala sitamsubiri mtu aniambie." Kinyozi alitoka wa kwanza, kwa aibu ya asubuhi. Bibi Mkaa alikuja na kigoda chake, kwa sababu, alisema, mambo mazuri hayatazamwi wima.

Mama Kijiti akamsimamisha Kijiti juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ukiwa mbele ya kidirisha cha kioo. Ndani kulikuwa na kisahani chembamba cha bati chenye alama nyekundu ubavuni, kikizunguka.

"Kazi yako ni kutazama alama. Ikipita, sema."

"Imepita. Imepita. Imepita tena. Mama, kinakimbia."

"Kinyozi, zima taa yako."

Balbu ya kinyozi ikazimika. Kisahani kikaendelea. Akazima Bibi Mkaa. Akazima fundi viatu wa chumba cha mwisho. Akazima mama mmoja mwenye pacha, na pacha wakalia, akawaambia kilio hakili umeme, akawabembeleza uani hadi wakanyamaza. Kila chumba kilipozimwa Mama Kijiti alikitaja kwa sauti, kama anayetoa nguo kwenye beseni na kuikamua. Wenye redio wakaambiwa wazizime nazo, ijapokuwa ni za betri, ili pasiwepo kisingizio. Mwisho akazima chake. Ua ukawa wa rangi ya majivu, watu wakawa vivuli.

"Kijiti?"

"Imepita," Kijiti alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Imepita. Imepita. Bado kinakimbia, kama mtu aliyechelewa harusi."

Nguo zimetolewa zote, na maji bado mekundu.

Na kwa kuwa nyumba ile haikuwahi kunyamaza tangu ijengwe, watu walianza kusikia vitu ambavyo siku zote vilifunikwa na kelele zao wenyewe. Kwanza, mngurumo. Mngurumo mnene, wa chini, kama wa paka mkubwa aliyeshiba. Ulitoka nyuma ya mlango wenye kufuli, mlango aliouketia Mama Barafu na deli lake.

"Mwenzangu," Bibi Mkaa alisema kwa upole wa kutisha, "hii barafu yako si huwa inatoka kwa dada yako, ng'ambo ya soko?"

"Kwa dada, ndiyo."

"Na inafika hapa saa saba za mchana ngumu kama jiwe. Huyo dada anakaa wapi, mawinguni?"

Mama Barafu alifunika deli. Kinyozi, aliyekuwa na barafu mkononi, aliitazama kama mtu aliyeletewa kiatu chake mwenyewe na kuuziwa. "Jamani," alisema. "Kumbe tumekuwa tunanunua umeme wetu wenyewe, ukiwa umeganda."

"Friji ni la mgonjwa!" Mama Barafu akaruka. "La kuwekea dawa! Na mwenye nyumba anajua!"

"Mgonjwa gani?"

"Baba watoto!"

"Aliyesafiri?"

"Ndiyo, aliyesafiri! Kwani mgonjwa hasafiri?"

Ndipo likaja jambo la pili la kusikia. Lilipenya chini ya mlango, jembamba, la haraka, likiruka juu ya mngurumo wa friji: ti-ti-ri-ti, ti-ti-ri-ti, ta.

Hata pacha wakageuza vichwa. Nyumba nzima iliujua wimbo ule.

"Ni redio," Mama Barafu alisema. "Niliisahau."

"Redio gani inapiga Mchota Maji?" fundi viatu aliuliza. "Au humo mna televisheni pia?"

Lakini Kijiti, juu ya ndoo yake, alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, masikio yamesimama. Wimbo ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umeharakisha, ukapanda juu, ukaingia ngoma nzito chini yake. Wimbo huo hakuwahi kuusikia, na alijua mara moja ni wa wapi. Wivu ukampanda mkali kuliko hasira zote za siku ile.

"Mama!" alipiga kelele. "Amefika kwa joka!"

Mama Kijiti akajifuta mikono kwenye nguo yake, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ile namna anavyojifuta anapotaka kushika kitu cheupe. Akasogea ukutani, chini ya sanduku la mita, kwenye lile neno la chaki. Alilisoma. Alikuwa amelisoma kila siku tangu ahamie.

"Usiguse hapo!" Mama Barafu alisimama, deli likapinduka, barafu zikatawanyika uani. "Hapo haruhusiwi mpangaji! Hapo ni msimamizi peke yake!"

"Msimamizi amesafiri," Mama Kijiti alisema. "Sisi watu wa kupita tunamshikia."

Akaivuta swichi chini.

Kisahani kikasimama. Mngurumo ukakata kwa mkoromo. Muziki ukakatika katikati ya ngoma. Na kutoka nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli kubwa kwa nje, sauti ya mwanamume ikapaa kwa uchungu uliowafikia hadi wapita njia:

"Aaah! Nani kazima? Nani huyo mshenzi kazima, na joka limebakiza pigo moja!"

Ulisikia barafu zikidondosha maji kwenye vumbi. Huko ndani kitu kikaanguka, kikafuatiwa na kimya cha mtu ambaye amekumbuka kitu. Mama Barafu alitazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, akauficha mgongoni, kama kwamba hapo watu wangeusahau.

Mama Kijiti akasogea hadi mlangoni, akabisha kwa heshima, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Bwana Kufuli," aliita. "Salama huko? Umeshafika kwa mwenye nyumba?"

Sauti ileile, sasa imekuwa ndogo na nyenyekevu, ikasema kupitia tundu la kufuli:

"Bado. Nipo njiani."